Vigingi Vinavyolala Kushoto

Same,
Jumatano, Septemba 1955

Kaka yangu mpendwa Sefania,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila kifua kinanikereketa kidogo kwa vumbi la huku chini, ambalo mwaka huu limepita kiasi. Ukivaa shati jeupe asubuhi, jioni limekuwa na rangi ya barabara. Natumaini wewe, shemeji Hedwiga, Mama na watoto wote hamjambo. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie mafuta ya kondoo aliyonipa yananifaa kweli, ingawa Mwalimu Daudi, tunayekaa naye nyumba moja, analalamika kwamba chumba chote kinanuka zizi. Yeye ni mtu wa Shighatini, na hao watu wa Ugweno unawajua, wanaamini ustaarabu ulianzia kwao na bado uko njiani kuja kwetu.

Barua hii nampa shemeji mkononi, maana leo ameshuka sokoni. Sikutaka ipitie kwa mtu mwingine. Nitaifunga kwa uji mzito na juu yake nitachora mstari mdogo kwa wino. Ukiona mstari umekatika, ujue kuna mtu ametangulia kuisoma. Najua utacheka, useme Eliakunda hajaacha tabia yake. Ni kweli sijaiacha. Tangu utoto wangu mmenitania nyumbani kwamba kuku akitaga mayai mawili mimi nauliza la pili amelitoa wapi. Lakini safari hii, Kaka, nakuomba usicheke mpaka umefika mwisho.

Habari za shule si nzuri. Mambo mengine nitakayoyaeleza unayajua kuliko mimi, ila niruhusu niyapange moja baada ya jingine, kwa sababu nimekaa nayo peke yangu siku hizi zote na kichwa kimechoka.

Unakumbuka mwaka jana shule hii ya sekondari ilipofunguliwa, watu wote wa mlimani walifurahi kwamba watoto wetu hawatakwenda tena mbali kutafuta darasa la tisa. Kasoro ilikuwa maji. Ndipo uliposimama barazani mbele ya Mfumwa, chifu wetu, wewe mwenye dhamana ya ndiva, bwawa la ukoo wetu, ukasema kwamba ndiva ikijaa usiku, asubuhi za Jumanne na Ijumaa itafunguliwa kwa ajili ya shule. Ulipiga baragumu mwenyewe kuita msaragambo. Wanaume kwa wanawake wakatoka na majembe, mfereji ukachimbwa kutoka kwetu hadi kwenye tangi la saruji nyuma ya jiko letu. Siku maji yalipofika, wanafunzi walipiga kelele kama wameona treni kwa mara ya kwanza. Mimi nilisimama kando nikijifanya mwalimu, lakini moyoni nilikuwa nasema, huyo ni kaka yangu.

Basi tangu mwezi wa saba maji yakaanza kupungua. Jumanne yanakuja kamba nyembamba, Ijumaa yanatonatona, kisha kimya. Bustani ya kabichi imekauka. Vijana wanaoga kwa zamu kwa maji ya kopo. Mkuu wa shule, yule Mwingereza wetu mrefu, alitukusanya walimu akasema kwamba hali ikiendelea hivi atalazimika kuwarudisha wanafunzi makwao mpaka mvua za vuli, na wale wa darasa la kumi wenye mtihani itakuwa bahati yao mbaya.

Mimi nikaanza kazi yangu ya kushuku. Kwanza nilimshuku Yusto mpishi. Nilikuwa namwona kila mchana anatoka na ndoo iliyofunikwa, nikasema moyoni, huyu anawauzia maji wenye hoteli za mjini. Nikamfuata kwa mbali mpaka kwake, nikakuta ndani ya ndoo mna ukoko wa ugali anaowapelekea kuku wake. Aliponiona nyuma ya ua aliniuliza kwa heshima zote kama nami nataka ukoko. Baada ya hapo nikamshuku Mwalimu Daudi, kwa kuwa shingo yake ilikuwa safi mno kwa mtu asiye na maji. Kumbe anajipangusa kwa kitambaa na umande wa asubuhi, jambo ambalo hataki lijulikane, kwa hiyo usimwambie mtu.

Nilimshuku kila aliyekuwa karibu nami. Ukaja wewe.

Ulishuka umevaa lile koti la Baba, ukaomba kumwona Mkuu wa shule. Ulimwambia kwamba ndiva unaifungua kama ilivyoagizwa na maji yanaondoka huko juu yakiwa tele, kwa hiyo lazima yanapotea njiani. Ukatuongoza mpaka chini ya mlima, pale njia ya ng'ombe inapokata korongo. Tukakuta tope, alama za kwato na mavi mabichi ya ng'ombe. Ulisema hutaki kumsingizia mtu, ila umewahi kuona ng'ombe wa baba yake Kasaine wakinywa hapo, na kwamba Kasaine mwenyewe hupita njia hiyo akitoka kwao. Ulisema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeumia kusema. Mkuu wa shule alikushika mkono kukushukuru. Mimi, Kaka, sikukushuku hata kidogo. Katika dunia hii nzima ulikuwa wewe peke yako ambaye sijawahi kukushuku.

Huyo Kasaine sijui kama umewahi kumtazama vizuri. Ni kijana wa darasa la tisa, mtoto pekee wa nyikani tuliye naye. Baba yake anachunga upande wa Ruvu. Alikuja siku ya kwanza na blanketi begani, viatu vya ngozi ya ng'ombe miguuni, na jina lake aliliandika kwa herufi nzuri kuliko za kiranja. Wenzake wanamwita Maziwa. Hesabu anazifanya haraka mpaka inanibidi nimpe za peke yake ili nipumue. Unakumbuka kwamba yeye ndiye aliyepata nafasi ya mwisho mwaka huu, na kwamba aliyefuata chini yake alikuwa mwanao Melkizedeki. Jambo hilo tulilizungumza likaisha, au mimi nilidhani limeisha.

Kasaine alipoitwa ofisini alisema kwao hawajafungua mfereji wa mtu. Hakuna aliyemsikiliza sana, maana kila mtu alikuwa ameona kwato. Na mimi nilikuwemo. Nilisema katika ofisi ya walimu, wanafunzi wakisikia dirishani, kwamba Wamaasai wakiona maji hawaulizi ya nani. Daudi alicheka. Siku hiyo hiyo wenzake Kasaine walitoa godoro lake nje ya bweni wakalimwagia vumbi, wakamwambia aende akanywe na ng'ombe.

Siku iliyofuata mama yake akaja. Anaitwa Nashilu, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alileta kibuyu cha maziwa kwa Mkuu wa shule, ambaye alikipokea akabaki amekishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo ikabidi Kasaine mwenyewe amtafsirie mama yake. Mama alieleza kwamba ni kweli ng'ombe walikunywa. Walikuta maji yametuama korongoni, wakamshukuru Mungu, wakafikiri labda mvua imenyesha mlimani. Hawakugusa mfereji. Kaka, nilikuwa namtazama yule kijana usoni. Alipofika kwenye neno la kwamba ng'ombe walikunywa, alisita. Alijua likitoka limemmaliza. Angeweza kulipindisha, hakuna mmoja wetu aliyejua Kimaasai. Akalitafsiri lilivyo. Mkuu wa shule akaweka kibuyu mezani akasema basi, wamekiri.

Imeamuliwa kwamba Jumatatu ijayo Kasaine atafukuzwa shule mbele ya wote. Habari itapelekwa pia kwa Bwana Shauri wa wilaya, ili ng'ombe wa kwao wapigwe marufuku kupita njia ile, na sijui kiangazi hiki wataponea wapi. Kwa sasa haruhusiwi kuingia darasani. Anakaa kwenye ngazi ya ghala mkabala na dirisha langu, na ninapoandika ubaoni naona anazinakili hesabu kwa kijiti juu ya vumbi.

Lile neno alilolitafsiri bila kulilainisha likanikosesha raha. Mtu mwenye hila halisemi hivyo. Nikarudia kushuku, na safari hii nilianza kuyashuku yale tuliyoyaona. Kwa nini tuliona tope korongoni, lakini hatukuona ukingo wa mfereji uliobomolewa pale? Mfereji unapita juu ya korongo lile, umbali wa kutosha, na ukingo wake pale ulikuwa mzima. Maji yalishukaje? Hakuna aliyeuliza. Wewe ulituonyesha kwato, na macho yetu sote yakabaki kwenye kwato.

Sabato nilisali nikapumzika kama ipasavyo, ingawa akili haikupumzika. Jumapili Daudi alipokwenda kanisani kwao, nikachukua fimbo nikaupandisha mfereji peke yangu. Nilipita pale penye njia ya ng'ombe nikaendelea juu, kwenye mawe na miiba, mahali ambapo ng'ombe hawezi kupanda hata akisukumwa. Juu kabisa, korongo linapoanza, chini ya ule mkuyu ulioinama, nikaona ukingo wa mfereji una rangi mbili.

Palikuwa pamekatwa kwa jembe na kuzibwa tena ili pasigundulike. Kutoka pale, alama ya maji ilikuwa inashuka moja kwa moja korongoni. Nikatafuta mfereji mdogo wa kupeleka maji hayo kwenye shamba la mtu, kwa sababu mwizi wa maji lazima awe na kitu anachokimwagilia, hata kama ni mche mmoja wa tumbaku. Sikuona kitu. Hakuna shamba, hakuna kitalu, hakuna hata kibuyu kilichosahauliwa. Maji yalikuwa yanafunguliwa yaende mawe matupu, yatuame huko chini, ng'ombe wayafuate na kuacha alama za kwato zao. Niliketi. Katika maisha yangu nimesikia watu wa mlimani wakiibiana maji, wakipigana kwa ajili ya maji, wakipelekana barazani kwa ajili ya maji. Sijasikia Mpare aliyeyamwaga.

Kisha nikainama nikatazama pale palipozibwa.

Mtu mwingine angesukumia jiwe na tope akaenda zake. Huyu alikuwa amepasua gogo la mgomba katikati, akalilaza mgongo wake ukiyatazama maji. Udongo ulikuwa umekandwa pamoja na majani makavu ya migomba, ukashindiliwa kwa kisigino cha mkono mpaka alama zake zikakaa kwa mstari. Mbele kulikuwa na vigingi vimefungwa kwa kamba za mgomba, na vyote vilikuwa vimelala kushoto.

Kaka, unajua nilichokiona. Baba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Wanaume wengine wa ndiva walimcheka kwamba kazi yake imeinama kama mlevi, naye akawajibu kwamba maji hayajawahi kulalamika. Alitufundisha sisi wawili, na kwa kuwa tulimtazama yeye tu, sisi wa mkono wa kulia tukajifunza kuziba kwa kushoto. Nilikuwa mdogo hata kigingi kilinizidi, wewe ukanishikia. Tangu tumzike, hakuna mwingine anayeziba maji hivyo. Tuko wawili tu.

Hukuweza kuziba vibaya. Ndilo lililoniuma kuliko yote. Ulikwenda pale kufanya jambo baya, na ulipomaliza mikono yako ikafanya kazi nzuri kwa mazoea, kama vile Baba amesimama nyuma yako.

Nililia pale chini ya mkuyu, sikufichi. Na nikiwa bado nalia likanijia jambo jingine. Tulipokuwa tunaezeka nyumba ya Mama, uliniuliza, huku umenipa mgongo, kama mwanafunzi akifukuzwa katikati ya mwaka nafasi yake hubaki wazi mpaka Januari, au anayefuata huitwa. Nilikujibu kwamba anayefuata huitwa. Ukaniomba nikupitishie misumari. Mimi ninayeshuku ukoko wa ugali nilikupitishia misumari nikaendelea kuimba.

Naelewa, Kaka. Nataka ujue kwamba naelewa. Nimeviona viatu vya Melkizedeki vilivyotundikwa ukutani tangu matokeo yalipotoka, bado vina karatasi ndani. Nimemwona mtoto akitoka na jembe asubuhi bila kuvitazama. Wewe ulikubali kubaki na jembe ili mimi nisome, kisha shule inajengwa chini ya miguu yako, unaipa maji, na mtoto wako anaachwa mlangoni huku wa nyikani anaingia. Hata mimi roho iliniuma. Lakini mtoto wa nyikani alishinda mtihani, hakuiba. Na kwa ajili ya nafasi moja umeacha shule nzima ikauke, ukamfanya mama wa watu aje na maziwa kujitetea mbele yetu kwa kinywa cha mtoto wake. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nakupenda pia, na hayo mawili hayataki kukaa pamoja kifuani. Pengine ndiyo maana nakohoa.

Sijamwambia mtu. Daudi anajua tu kwamba sili vizuri, anadhani nimependa msichana wa kijiji cha Mamba.

Sasa nisikilize nitakalofanya. Nimemwomba Mkuu wa shule kwamba Jumatatu, kabla ya Kasaine kufukuzwa, twende sote mpaka mwanzo wa korongo, walimu, viranja, Kasaine na mama yake, na mzee mmoja kutoka kwa Mfumwa anayejua mambo ya ndiva. Amekubali, kwa shingo upande. Ukitaka unaweza kutangulia kupang'oa. Ila udongo ule umekauka vizuri, umeufanya vizuri mno, hutauondoa bila kuacha alama, na nitajua.

Tukifika pale nitaomba jembe. Nitakata ukingo hatua chache kutoka palipokatwa, kisha nitaziba mbele ya macho yao, kwa gogo la mgomba, kwa udongo na majani, kwa vigingi, kama tulivyofundishwa. Nitamwacha yule mzee atazame kazi hizi mbili zilivyo pacha. Ataniuliza ni nani aliyenifundisha kuziba hivi. Nitamjibu, ni marehemu Baba. Ndipo ataniuliza ni nani mwingine aliyefundishwa naye.

Hilo la pili sitalijibu, Kaka. Nimeliacha liwe lako. Ukiwepo, utalijibu kwa kinywa chako, nami nitasimama karibu nawe mbele ya Mfumwa na mbele ya Bwana Shauri, na aibu tutaibeba wote wawili. Usipokuwepo, watakaoangalia wataona mikono ya mtu mmoja tu, na ni mikono yangu. Nitawaacha waone hivyo. Kasaine atarudi darasani, ila hesabu atafundishwa na mtu mwingine.

Ukishuka, nakusihi upite njia ya ng'ombe. Mama Kasaine hukaa pale asubuhi akitazama kama maji yatakuja tena. Hajui kwa nini yalikuja wala kwa nini yalikoma. Msalimie.

Basi nisikuchoshe. Nisalimie Mama, umwambie goti alikande jioni na asipande kilima kwenda ibadani peke yake. Nisalimie shemeji, ambaye hajui alichokibeba, usimkasirikie. Majirani na watoto wote wape salamu zangu kila mmoja kwa jina lake. Melkizedeki mwambie avishushe viatu avipake mafuta, ngozi isije ikapasuka, na asiache kusoma. Januari kuna mtihani mwingine, nami nitamfundisha mwenyewe jioni, kama bado nitakuwa mwalimu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenishikia kigingi,

Eliakunda